Sandy Turnbull: Namba Kumi Kutoka Machimboni



Siku ya mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana na kabla ya hotuba ambazo sote tulijua zitakuwa ndefu, niliketi kivulini na vijana wanne wa kidato cha tatu. Mmoja wao alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Manchester United chini ya shati la shule, ukosi wake ukichungulia shingoni. Nikamwuliza ni nani aliyefunga bao la kwanza kabisa katika uwanja wa Old Trafford. Akamtaja Bobby Charlton. Mwenziwe akamcheka, kisha akamtaja mchezaji wa juzi juzi tu. Wazee wawili waliomaliza hapa zamani sana wakaingilia kati na majina yao wenyewe, na ubishi ukawa mkubwa hata Mhariri wa jarida hili akaja kuona kulikoni. Ndiye aliyenipa adhabu ya kuandika makala haya. Naitumikia adhabu hiyo kwa moyo mkunjufu, ingawa ninayo sababu nyingine ya kumchagua mtu huyu, nayo nitaieleza mbele.

Jibu la swali lile ni Alexander Turnbull, ambaye watu wote walimwita Sandy. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1884 katika kijiji cha Hurlford, wilaya ya Ayrshire, Scotland, karibu na mji wa Kilmarnock. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Sandy naye alipotoka shule akateremka shimoni kama vijana wote wa kijiji chao, maana nyumba ilihitaji mshahara wake. Sisi tuliozaliwa Kamachumu, Nshamba na Rubya tunaijua kazi ya jembe, na tunajua uzito wa mkungu wa ndizi kichwani wakati wa kupanda kilima. Lakini tuseme kweli, sisi tulifanya kazi zetu mchana kweupe. Vijana wa Ayrshire waliliona jua Jumapili, na Jumamosi alasiri walipocheza mpira. Ndiyo maana kila kijiji cha machimbo katika nchi ile kilikuwa na timu, na ndiyo maana wakubwa wa klabu za England walipanda treni kwenda huko kutafuta wachezaji. Sandy alichezea Hurlford Thistle. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 18, alichukuliwa na Manchester City.

Hakuwa mtu wa kutisha kwa kumtazama. Urefu wake ulikuwa kama futi tano na inchi tano, mwili umeshiba, kifua kipana, miguu mifupi yenye nguvu. Jambo lililowashangaza watu ni kwamba mfupi huyu alikuwa bingwa wa mpira wa vichwa. Mabeki waliomzidi nusu futi walijikuta wanamtazama juu. Alicheza fowadi wa ndani kushoto, yaani nafasi ile ambayo sisi, tangu enzi za wazee wetu pale Kaitaba, tunaiita namba kumi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa namba hiyo mgongoni, kwa sababu zama hizo jezi za England hazikuwa na namba yoyote. Watazamaji walimtambua mchezaji kwa umbo, na umbo la Sandy halikuwa gumu kulitambua.

City walikuwa wameshuka Daraja la Pili wakati alipofika. Msimu wa kwanza tu wakawa mabingwa wa daraja hilo na kupanda. Msimu wa pili wakamaliza wa pili katika Daraja la Kwanza, na tarehe 23 Aprili 1904, katika uwanja wa Crystal Palace mjini London, wakawafunga Bolton Wanderers bao moja kwa bila na kulitwaa Kombe la FA. Hicho kilikuwa kikombe kikubwa cha kwanza katika historia ya klabu hiyo. Bao lilifungwa na Billy Meredith, winga wa kulia kutoka Wales, mtu mwembamba aliyetafuna kijiti mdomoni muda wote wa mchezo. Namkumbusha msomaji alishike jina hilo, kwa sababu maisha ya Sandy yalifungwa pamoja na ya Meredith kwa miaka mingi, katika neema na katika balaa.

Kuyaelewa yaliyofuata, ni lazima kuielewa mishahara ya siku zile. Tangu mwaka 1901 sheria ya Ligi ilikataza mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni nne kwa wiki. Pauni nne zilimzidi mbali mchimba makaa, hilo halina ubishi. Lakini watu 60,000 walilipa kiingilio kuwatazama Crystal Palace, na wachezaji walijua kuhesabu. Tena mchezaji aliyesajiliwa na klabu hakuweza kuhama bila ridhaa ya klabu hiyo, hata mkataba wake ukiwa umekwisha. Basi klabu zenye fedha zililipa za ziada kwa siri, na City walikuwa miongoni mwao. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui. Wasomaji wenzangu mlio katika utumishi wa umma hamhitaji nifafanue hali ya namna hiyo.

Mambo yalifumuka mwishoni mwa msimu wa 1904/05. Tarehe 29 Aprili 1905 City walikwenda kucheza na Aston Villa, wakafungwa mabao matatu kwa mawili. Katika mchezo huo Sandy na Alec Leake, nahodha wa Villa, walikorofishana hadi kurushiana makonde, na baada ya filimbi ya mwisho Sandy akashambuliwa na watu wa Villa karibu na vyumba vya kuvalia. Chama cha Kandanda cha England, yaani FA, kiliunda tume kuchunguza vurugu hizo. Tume ikaenda kutafuta ngumi ikakuta jambo jingine: kwamba Meredith alimwahidi Leake pauni 10 ili Villa walegeze mchezo. Meredith akafungiwa. Klabu yake ilipokataa kuendelea kumlipa akiwa kifungoni, naye akafungua mdomo na kueleza siri zote za malipo ya City. Mwaka 1906 hukumu ikashuka: meneja Tom Maley alifukuzwa katika kandanda, wachezaji 17 wakatozwa faini, wakafungiwa hadi tarehe 1 Januari 1907, na wakapigwa marufuku kuichezea City tena. Sandy alikuwa mmoja wao. Faini yake ilikuwa pauni 50, ambayo ni mshahara halali wa zaidi ya wiki 12.

City wakalazimika kuwauza wote. Klabu mbalimbali zikakusanyika katika Queen's Hotel, mjini Manchester, kama wanunuzi mnadani. Lakini Ernest Mangnall, meneja wa Manchester United, alikuwa mwepesi kuliko wote, akajipatia wanne waliokuwa bora: Meredith, Herbert Burgess, Jimmy Bannister na Sandy Turnbull. Kifungo chao kilikwisha siku ya mwaka mpya wa 1907. Siku hiyo hiyo United wakacheza na Aston Villa. Meredith akateremka na mpira upande wa kulia, akaumimina kati, Sandy akaufunga, na mchezo ukaisha kwa bao hilo moja. Villa walewale! Kama ningelisoma jambo hilo katika hadithi ya kubuni ningelisema mwandishi ametia chumvi.

Msimu wa 1907/08 ulikuwa msimu wa Sandy. Alicheza michezo 30 ya Ligi akafunga mabao 25, manne kati yake katika mchezo mmoja dhidi ya Woolwich Arsenal, na Manchester United wakawa mabingwa wa England kwa mara ya kwanza. Vijana mnaobishana kila Jumamosi katika vibandaumiza vya Muleba mjini kuhusu watani wa jadi wa Manchester, jueni pia hili: tarehe 21 Desemba 1907 United waliwafunga City matatu kwa moja, Sandy akafunga mawili, kisha refa akamtoa nje. Ndiye mchezaji wa kwanza kutolewa nje katika mchezo wa watani hao. Kadi nyekundu hazikuwapo. Refa alionyesha kidole tu, na mtu akaondoka.

Sasa nifike kwenye fainali ya 1909, ambayo naipenda kuliko habari zote za mtu huyu. United walikutana na Bristol City pale pale Crystal Palace tarehe 24 Aprili. Timu zote mbili zilivaa nyekundu kwa kawaida, hivyo zote zikabadili, na United wakaingia na jezi nyeupe zenye mchoro mwekundu wa V kifuani. Sandy alikuwa na maumivu ya goti na ilikuwa karibu aachwe nje. Nahodha Charlie Roberts akamshawishi Mangnall ampange hivyo hivyo, kwa hoja kwamba hata akiwa mbovu anaweza kupata bao moja, na bao moja lingeweza kutosha. Katika dakika ya 22 Harold Halse alipiga shuti likagonga mtambaa wa panya, mpira ukamrudia Sandy, naye hakuuliza mara mbili. Bao moja kwa bila. Watazamaji walizidi 71,000. Ndilo Kombe la FA la kwanza la Manchester United, na Sandy akawa amelitwaa kombe hilo akiwa na klabu zote mbili za mji mmoja. Husimuliwa pia kwamba katika sherehe za usiku ule mfuniko wa kikombe ulipotea, watu wakautafuta kwa hofu, na hatimaye ukakutwa mfukoni mwa koti la Sandy mwenyewe. (Msomaji akiona katika vitabu fowadi mwingine aitwaye Turnbull siku hiyo, asidhani ni makosa ya mpiga chapa. Huyo ni Jimmy Turnbull, fowadi wa kati, Mskoti pia, wala si ndugu yake.)

Wanaume hawa hawakusahau pauni nne. Desemba 1907 Meredith, Roberts na wenzao walikutana Imperial Hotel, Manchester, wakaanzisha Chama cha Wachezaji. Miaka miwili baadaye FA wakaagiza kila mchezaji ajitoe katika chama hicho kabla msimu haujaanza, au afungiwe. Karibu wachezaji wa nchi nzima walinywea. Wa Manchester United walikataa. Wakazuiwa kuutumia uwanja wa klabu yao, mishahara ikasimamishwa, wakaenda kufanya mazoezi Fallowfield, na siku moja wakapiga picha wakiwa wameshika ubao ulioandikwa jina walilojipa wao wenyewe, ambalo kwa lugha yetu ni Timu ya Waliotengwa. Sandy yumo katika picha hiyo. Nimeitazama mara nyingi. Ni watu wenye njaa ya mwezi mzima wanaotabasamu. Mwishoni mwa Agosti 1909 FA wakalegeza msimamo, chama kikabaki, na msimu ukaanza.

Tarehe 19 Februari 1910 ukafunguliwa uwanja mpya wa Old Trafford, na wageni walikuwa Liverpool. Mpira wa adhabu ndogo ulipigwa na Dick Duckworth, Sandy akajitupa mbele na kuupiga kichwa. Hilo ndilo bao la kwanza la uwanja ule, na hapo ubishi wetu wa siku ya mkutano umekwisha. Liverpool walitoka nyuma wakashinda manne kwa matatu, lakini hilo aliyevaa jezi nyekundu hakuniuliza. Msimu wa 1910/11 United wakawa mabingwa tena, Sandy akiwa na mabao 18 ya Ligi. Siku ya mwisho waliwafunga Sunderland matano kwa moja nyumbani, huku Aston Villa waliokuwa wakifukuzana nao wakipoteza mchezo Liverpool.

Kutoka hapo ni mteremko, nami nitaupita haraka. Mangnall alihamia City mwaka 1912, Roberts akauzwa Oldham mwaka 1913. Sandy aliendelea kufunga, ila magoti yalikuwa yameanza kudai deni lao. Timu ya taifa ya Scotland haikumpa hata mchezo mmoja, jambo ambalo sijapata kulielewa. Kwa jumla aliichezea United mara 247 akafunga mabao 101. Agosti 1914 vita vikuu vikaanza, Ligi ikaendelea kwa msimu mmoja zaidi huku watu wakinung'unika kwamba vijana wenye afya wanakimbiza mpira wakati wenzao wanakufa Ufaransa. Kila mchezaji alijua kwamba mwisho wa msimu huo ndio mwisho wa mshahara. Sandy alikuwa anakaribia miaka 31, ana mke na watoto.

Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 1915, United walicheza na Liverpool Old Trafford. United walikuwa hatarini kushuka daraja, Liverpool hawakuwa na la kupoteza. United walishinda mawili kwa bila, yote ya George Anderson. Watazamaji waliona kwamba pana kitu. United walipata penalti, Patrick O'Connell akaipiga nje, mbali kabisa na goli. Mwishoni Fred Pagnam wa Liverpool alipiga shuti likagonga mwamba, na wachezaji wa upande wake mwenyewe wakamkasirikia. Kumbe watu wengi, katika miji mbalimbali, walikuwa wameweka fedha kwa wachezesha kamari kwamba matokeo yatakuwa mawili kwa bila hasa, kwa malipo ya saba kwa moja. Wachezesha kamari wakanusa, wakatangaza zawadi ya pauni 50 kwa mwenye habari, na FA wakaunda tume.

Hapa naomba nijieleze mimi.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa namba kumi wa shule. Tulikwenda katika mashindano ya shule za sekondari, kundi letu likiwa na timu tatu, mbili za kwanza zisonge mbele. Ile timu ya tatu ilikuwa imemaliza michezo yake: ilitoka sare na sisi moja kwa moja, na sare na wenzetu bila kwa bila. Jioni kabla ya mchezo wa mwisho wakubwa wa timu yetu na wakubwa wa timu ile nyingine walikaa nyuma ya mabweni wakapiga hesabu kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Sare ya mawili kwa mawili ingetupeleka mbele sote kwa wingi wa mabao, na timu ya tatu ingerudi nyumbani. Hakukuwa na hata senti moja iliyopita mkononi mwa mtu. Tuliambiwa tu, nasi wadogo tukaitikia kwa vichwa.

Ilipofika dakika za mwisho matokeo yalikuwa mawili kwa mawili kama ilivyopangwa. Ghafla mpira ukanidondokea mguuni, kipa akiwa ameteleza, goli tupu, hatua kama sita. Bao hilo lingekuwa halali kabisa. Lingetupa ushindi, na lingewapeleka mbele wale vijana wa timu ya tatu, ambao walikuwa wameketi majanini nyuma ya goli wakiwa wamevaa sare zao za shule na mabegi yao wameyafunga, wakisubiri kujua kama wayafungue. Nikaupiga juu. Mpira uliwapita vichwani. Mmoja wao aliinuka akaenda kuuleta, akaurudisha uwanjani kwa mkono bila kuutupa, akauweka chini karibu na kipa, akarudi kukaa. Sikuweza kumtazama usoni. Sisi tulitolewa raundi iliyofuata.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Mlimani, badala ya kusoma vitabu vya utawala nilikuwa napekua vya kandanda maktabani, ndipo nikakutana na habari ya Ijumaa Kuu ya 1915. Tume ya FA ilitoa uamuzi wake Desemba mwaka ule. Wachezaji wanne wa Liverpool, yaani Jackie Sheldon, Tom Miller, Bob Pursell na Thomas Fairfoul, na watatu wa United, yaani Enoch West, Arthur Whalley na Sandy Turnbull, pamoja na Lawrence Cook wa Chester, walikutwa na hatia na wakafungiwa maisha. Tume ilisema fedha nyingi zilibadilishana mikono. Sandy hakucheza siku ile, na Whalley pia hakucheza. Kosa lao lilikuwa katika kupanga na kuweka kamari. O'Connell, mpiga penalti, hakuguswa, na baadaye alikwenda Hispania akawa kocha hodari aliyewapa Real Betis ubingwa mwaka 1935. United walimaliza msimu wakiwazidi Chelsea pointi moja tu.

Kuna waandishi wanaotaka kumsafisha Sandy kwa sababu ya kifo chake. Mimi siwezi, maana namjua mtu aliyepiga mpira juu. Lakini wale wanaomfuta katika orodha ya magwiji kwa sababu ya Ijumaa ile nao siwafuati. Mtu aliyeshika ubao wa Fallowfield mwaka 1909, akakubali kulala njaa ili wenzake wawe na chama, ndiye huyo huyo aliyeweka kamari mwaka 1915. Ndugu zangu vijana mnaotandika mikeka ya kubeti kwenye simu kila wikiendi mtaamua wenyewe. Mimi nawapa habari tu.

Mwaka huo huo wa 1915 vita vilifika kwetu. Tarehe 22 Juni, chini ya miezi mitatu baada ya mchezo wa Old Trafford, meli za Waingereza kutoka Kisumu ziliteremsha askari kaskazini ya mji wa Bukoba, mji ambao Wajerumani walikuwa na boma tangu Emin Pasha alipolianzisha mwaka 1890. Walipigana siku mbili. Boma lilivunjwa, mnara wa simu ya upepo ukaangushwa, nyumba zikaporwa, kisha tarehe 23 wakapanda meli wakaondoka. Walikuwamo askari wa Kihindi, wa King's African Rifles, Fusiliers wa Kikosi cha 25 akiwamo mwindaji Frederick Selous mwenye umri wa miaka 63, na kikosi cha Loyal North Lancashire. Kikosi hicho asili yake ni Preston, mji usio mbali na Manchester, na eneo lake la kuandikisha askari lilifika hadi Bolton, mji wa timu ile iliyofungwa na City mwaka 1904. Kila nipitapo ufukweni mwa ziwa jioni hufikiri kwamba miongoni mwa watu waliokimbia mchangani pale na bunduki, wapo waliopata kumwona Sandy akiruka juu ya beki.

Yeye aliandikishwa jeshini Novemba 1915, wiki chache kabla hukumu haijatoka, katika kikosi cha 23 cha Middlesex, ambacho kilijaa wachezaji wa kandanda. Baadaye alihamishiwa kikosi cha 8 cha East Surrey. Hicho kilikwisha kupata jina la ajabu: tarehe 1 Julai 1916, huko Somme, kapteni wake mmoja, Wilfred Nevill, aliwapa askari mipira waipige mbele yao wakati wa kuyashambulia mahandaki ya Wajerumani. Nevill aliuawa siku hiyo hiyo. Sandy alipanda cheo hadi kuwa sajini mdogo. Tarehe 3 Mei 1917, karibu na mji wa Arras, kikosi chake kilikishambulia kijiji cha Chérisy. Walikiteka asubuhi, wakasukumwa nje baadaye, na wengi hawakurudi. Sandy alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 32. Mwili wake haukutambuliwa kamwe, na mkewe aliishi muda mrefu akitumaini kwamba pengine ametekwa.

Vita vilipokwisha FA wakawasamehe waliotumikia jeshini. Mwaka 1919 Sandy Turnbull alirudishiwa ruhusa ya kucheza kandanda, miaka miwili baada ya kufa. Enoch West peke yake hakusamehewa. Aliwashtaki FA mahakamani akashindwa, na kifungo chake kiliondolewa mwaka 1945, akiwa na miaka 59.

Jina la Sandy limechongwa katika ukuta wa kumbukumbu wa Arras, pamoja na majina mengine karibu 35,000 ya watu wasio na makaburi. Wapagazi wa nchi yetu waliobeba mizigo ya vita hivyo, hata Kariakoo ya Dar es Salaam ikaitwa kwa jina la kikosi chao, hawana ukuta wa namna hiyo. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 ina maneno ya kuwashukuru, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Babu wa marehemu bibi yangu alichukuliwa katika upagazi huo akapotea. Nyumbani kwetu Kamachumu jina lake hutajwa pale tunapomwita mtoto aliyerithi jina hilo aje kula.

Katika mkutano ujao, kama ilivyotangazwa, wazee tutacheza na wanafunzi dakika 30 kila kipindi. Nimejiandikisha namba kumi. Nimemwomba Mhariri pia atafute anwani za vijana wa ile timu ya tatu ya 1997, ambao sasa ni watu wazima wenye mvi kama mimi, awaalike. Wawili wamekwisha kujibu kwamba watakuja.